Chombo cha Magurudumu Manne na Hatari Yake

Leo tujifunze habari za pikipiki ya magurudumu manne, iliyofanyizwa ipite mashambani, mchangani na matopeni, mahali pasipo na barabara. Mtu huipanda kama apandavyo punda, huku ameshika mikono ya kuiongozea. Wakulima wa nchi nyingi huitumia kwa kuchunga mifugo na kuchukua mizigo, na wengine huipanda kwa kujifurahisha. Kazi yake ni njema, lakini imeua watu wengi, wakubwa kwa watoto. Yafaa tuijue sababu.

1. Habari zake.
Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza katika Marekani chombo cha magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Watu walikipenda upesi, hata wakawapa watoto wao. Lakini kilipinduka mara kwa mara, na wengi wakaumia. Mwaka 1988 kampuni zilizokuwa zikiviuza zilipatana na serikali, mbele ya mahakama, ziache kuuza vipya vya magurudumu matatu. Vya magurudumu manne vikashika mahali pake. Je, hatari ikakoma? La. Tume ya serikali ya Marekani iangaliayo usalama wa bidhaa imetangaza ya kwamba kwa wastani watu zaidi ya 700 hufa kila mwaka, na wapatao 100,000 hutibiwa hospitalini, kwa ajali za vyombo hivi na vingine vya jamii yake viendavyo nje ya barabara.

2. Sababu ya kupinduka.
Mtu atauliza: Meza yenye miguu minne husimama imara, mbona chombo hiki huanguka? Jibu ni hili. Kimeinuliwa juu, kipate kupita juu ya mawe na visiki, na upana wake ni mdogo. Tena katika vingi magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa katika chuma kimoja, nayo huzunguka sawasawa. Chombo kikipinda, gurudumu la nje lina safari ndefu zaidi, wala haliwezi kulipita mbio lile la ndani. Kwa hiyo mpandaji hana budi kuhamisha uzito wa mwili wake: huinama upande wa ndani apindapo, na mbele apandapo kilima. Basi uimara wa chombo hiki hauko katika magurudumu peke yake. Uko katika mwili wa mtu aliyekipanda.

3. Mambo yatokayo katika sababu hiyo.
Kwanza, abiria. Kiti ni kirefu ili mpandaji apate kusogea, si ili wakae wawili. Akiwapo mtu nyuma yake, hawezi kusogea tena.
Pili, mtoto. Mwili wake ni mwepesi, na chombo cha mtu mzima chaweza kupata kilo 300. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asikipande kabisa.
Tatu, barabara ya lami. Mipira yake ni laini, imefanywa kwa udongo. Kwenye lami hushika kwa nguvu, na chombo hupinduka kwa ghafula.
Nne, kulaliwa. Kofia ngumu huokoa kichwa, tena ni ya lazima. Lakini haiokoi kifua. Mtu aliye peke yake shambani aweza kufa kwa kukosa pumzi, hali hana jeraha kubwa. Kwa ajili hiyo Australia imeagiza ya kwamba tangu Oktoba 2021 vyombo vipya vya kazi ya shamba viwe na chuma cha kukinga, ili kikipinduka kisimlalie mtu.

4. Neno la kushika.
Baba ampakiaye mwanawe, wazunguke shamba pamoja, hufanya hivyo kwa upendo. Lakini amejifunga mwenyewe asiweze kusogea, na mtoto amemweka mahali ambapo chombo kitaangukia. Afadhali mtoto alie kwa kunyimwa safari kuliko nyumba nzima imlilie yeye.