Dada, niandike kuwa mimi ni Mweusi?

Mdogo wangu wa Columbus, Ohio, barua yako nimeisoma yote. Unasema mwalimu mmoja amekuonya usiguse habari za rangi yako wala za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ulikozaliwa, eti sheria ya Marekani sasa inakataza mwombaji wa chuo kikuu kuyataja hayo. Wengine wengi mnaoomba vyuo huko, watoto wa familia za Kikongo, Kisomali, Kikenya na za kwetu Tanzania, mmeniuliza jambo hilohilo. Sogeeni karibu tuzungumze, maana aliyewaambia hivyo amekosea, na kosa lake linaweza kuwaponza.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi mbili, moja ya Harvard na nyingine ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba vyuo hivyo, kwa kumpa mwombaji nafuu kwa sababu ya rangi yake, vilivunja Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayomwahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Kwa hiyo kile kisanduku unachotia alama kuonyesha kuwa wewe ni Mweusi, Mzungu au Mwasia hakiruhusiwi tena kuamua nani aingie. Lakini katika hukumu hiyohiyo Roberts alisema hakuna kinachokizuia chuo kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu namna rangi ilivyoyagusa maisha yake, iwe kwa kubaguliwa, kwa kutiwa moyo au vinginevyo. Alichotaka ni kwamba mwombaji apimwe yeye mwenyewe, kwa ujasiri wake, bidii yake au uwezo wake, asipimwe kama mmoja wa kundi fulani.

Hapo ndipo insha yako ya maombi inapopata kazi. Ukiandika tu, "Mimi ni Mweusi na nimekulia kambini," hujamwambia msomaji lolote analoruhusiwa kulihesabu. Umenisimulia katika barua kwamba tangu ukiwa na miaka kumi na moja wewe ndiye unayemtafsiria mama yako hospitalini, na kwamba siku moja muuguzi alimpuuza mpaka ulipozungumza wewe. Mdogo wangu, andika hilo! Eleza muuguzi alifanya nini, wewe ulisema nini, ulijifunza nini kuhusu mwili wa binadamu na kuhusu woga, na kwa nini sasa unataka kusomea uuguzi. Hapo rangi yako imo, Kiswahili chako kimo, mama yako yumo, na kinachoonekana zaidi ni ujasiri wako. Insha kuu ya fomu ya maombi ya Common App haizidi maneno 650, kwa hiyo chagua tukio moja ulikunjue vizuri. Usipange mateso kama mtu anayeomba sadaka. Wala usikubali mtu mwingine akuongezee machozi ambayo hukuyalia.

Rafiki yako anayesema watu watadai umeingia kwa kuhurumiwa, mweleze historia kidogo. Mwaka 1978, katika kesi ya Allan Bakke, Mahakama ya Juu hiyohiyo ilikataa utaratibu wa shule ya udaktari ya Davis, California, iliyotenga viti 16 kati ya 100 kwa ajili ya wanafunzi wa jamii za wachache. Tangu wakati huo viti vya mgawo kwa rangi vimekuwa marufuku. Kilichoruhusiwa ni rangi kuwa jambo moja miongoni mwa mengi, na mwaka 2003 Jaji Sandra Day O'Connor alipolikubali hilo tena katika kesi ya Chuo Kikuu cha Michigan, alitarajia kwamba baada ya miaka 25 halitahitajika. Halikufika huko, likafutwa baada ya miaka 20.

Mimi hukumu ya 2023 imeniuma, nawaambieni wazi. Katika chuo cha MIT, wanafunzi Weusi walikuwa takriban asilimia 13 ya wanaoingia katika miaka ya nyuma. Katika kundi la kwanza baada ya hukumu, lililoingia mwaka 2024, walikuwa asilimia 5. Na bado vyuo vingi vya binafsi vinawapa nafuu watoto wa wahitimu wao wa zamani, jambo ambalo California ililipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2024. Mtoto ambaye babu yake hakuruhusiwa hata kukanyaga vyuo hivyo atatoa wapi nafuu kama hiyo? Jaji Ketanji Brown Jackson na Jaji Sonia Sotomayor waliandika maoni ya kuipinga hukumu hiyo, na ukitaka kusomea sheria siku moja, anza kwa kuyasoma.

Lakini uchungu wangu usikupotezee muda. Hukumu hiyo inawabana maofisa wa udahili, haikuzibi wewe mdomo. Mpe insha mtu anayekujua vizuri aisome, umuulize kama anakusikia humo. Kisha muulize mshauri wa shule kuhusu FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, ambayo raia na wakazi wa kudumu wanaijaza bila malipo. Ijaze mapema, na ukikwama niandikie tena.