Kabla ya Kumpa Ufagio, Mwonyeshe Mbwa



Mgodini mtu haanzi kazi siku ya kwanza bila kuonyeshwa hatari za mahali pale. Anaambiwa asisimame wapi, anapewa kofia, viatu na glavu, na anajua ni nani wa kumpasha habari akiumia. Lakini nyumbani kwetu, toka Kalundu mpaka Kavimvira, mambo mara nyingi ni mengine. Baba yuko kazini mbali. Mama anataka kwenda soko, naye amepata mtu wa kusafisha nyumba na kufua nguo. Mtu huyo, boyi au yaya, anafika asubuhi, anapewa ndoo, sabuni na ufagio, na mama anaondoka. Ndani ya parseli anabaki yeye pamoja na mbwa ambaye hajamwona hata siku moja.

Parseli ile ni mahali pake pa kazi. Wewe uliyemwajiri ndiwe msimamizi wake. Somo letu la leo ni namna ya kumpokea mtu huyo katika nyumba yenye wanyama, ili yeye, watoto wako na wanyama wenyewe wabaki salama.

1. Sema ukweli mnapopatana

Mwambie una wanyama gani: mbwa, paka, kuku, simbilisi. Kama mbwa amekwisha kuuma mtu, usifiche. Uliza kama anaogopa mbwa, au kama manyoya ya paka yanamletea pumu. Kuosha kibanda cha mbwa na kuzoa mavi ni kazi, si salamu. Kama unataka aifanye, isemwe mapema na ihesabiwe katika mshahara.

2. Siku ya kwanza uwe nyumbani

Mfunge mbwa kabla mgeni hajaingia. Kisha wajulishe taratibu, wewe ukiwa katikati. Mwambie mtu asikimbie, asimkazie mbwa macho, asimguse anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Kumbuka pia kwamba mbwa aliyewahi kupigwa hajui tofauti ya fimbo na ufagio. Ukiinuliwa mbele yake, anaweza kuruka.

Mpaka wazoeane, mbwa akae nyuma ya mlango au ua uliofungwa, penye kivuli na maji, wakati wote wa kazi. Afunguliwe na mwenye nyumba tu. Ni kama mashine inayotengenezwa: hakuna anayeiwasha mpaka fundi ametoka.

3. Dawa za kusafishia

Uvira ni mji ambao kipindupindu kinarudi mara kwa mara, kwa hiyo javeli imekuwa dawa ya nyumba nyingi. Ni dawa nzuri, lakini ina sheria zake. Mkojo wa paka na wa mbwa ukikutana na javeli unaweza kutoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua. Basi mkojo uoshwe kwanza kwa maji na sabuni, sakafu isuuzwe, ndipo javeli ipite, madirisha yakiwa wazi. Javeli isichanganywe kamwe na siki wala na dawa nyingine yoyote.

Paka hulamba miguu yake. Akikanyaga sakafu yenye krezili, anaimeza, na mwili wake hauwezi kuiondoa vizuri. Nyumba yenye paka isioshwe kwa krezili. Kwa dawa nyingine, wanyama wasirudi mpaka sakafu ikauke kabisa. Sumu ya panya nayo ni hatari: paka akila panya aliyekufa kwa sumu, anaweza kufa pia. Kila dawa ikae katika chupa yake, juu, mbali na watoto, wala isitiwe katika chupa ya limonadi.

4. Mavi ya wanyama

Yazolewe kila siku, kwa kijiko cha bustani au kipande cha bati, si kwa mkono. Mayai ya minyoo mingi katika mavi ya mbwa yanahitaji siku nyingi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na vijidudu vya mavi ya paka vinahitaji siku moja au zaidi. Anayezoa kila siku anavitangulia. Yatupwe ndani ya choo cha shimo au yafukiwe, si mtoni wala ziwani tunakochota maji. Mwenye kazi apewe glavu na viatu, kwa sababu kuna minyoo inayopenya ngozi ya mguu mtupu. Halafu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ndagala au chombo cha chakula.

Mwanamke mwenye mimba asizoe mavi ya paka. Yanaweza kuleta ugonjwa unaodhuru mtoto tumboni. Mweleze yaya jambo hili tangu mwanzo, naye atajua kujikinga bila kulazimishwa kukwambia siri yake.

5. Akiumwa na mbwa

Hapa ndipo maisha yanapopotea. Kichaa cha mbwa hupita katika mate, kwa njia ya kuumwa, kukwaruzwa, au mate kuingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda. Mara nyingi dalili huonekana baada ya mwezi 1 hadi 3. Zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili ugonjwa huu unazuilika. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister huko Paris, chanjo ya mtu aliyeumwa imeokoa watu wengi sana.

Fanyeni hivi:

Osheni kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa.

Nendeni hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Jiwe jeusi, pilipili na petroli haviondoi ugonjwa huu.

Mfungeni mbwa na kumtazama siku 10, msimwue ovyo. Akiugua au akifa, mwambieni daktari wa wanyama. Lakini mtu asingoje siku hizo ziishe ndipo aende kutibiwa.

Chanjo isikatizwe; sindano zote zimalizike kama mganga alivyoandika.

Wengi huficha kidonda kwa kuogopa kufukuzwa au kukatwa mshahara. Kwa hiyo mwambie siku ya kwanza, kwa maneno wazi: "Ukiumwa, niambie palepale. Hutafukuzwa, na matibabu nitalipa mimi." Maneno hayo ni kinga kubwa kuliko mlango wowote.

Kinga ya kwanza iko kwa mbwa mwenyewe. Achanjwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi yake itunzwe. Uliza leo kwenye dispanseri ya kampuni ni wapi chanjo ya watu inapatikana. Usingoje siku ya damu.

Maswali ya kujipima nyumbani

Mbwa wetu alichanjwa mwezi gani?

Ni nani peke yake anayemfungua mbwa wakati wa kazi?

Kwa nini mkojo huoshwa kabla ya kutia javeli?

Kidonda cha mbwa huoshwa dakika ngapi?

Anayetusafishia nyumba amekwisha kuambiwa la kufanya akiumwa?

Kama swali moja limekosa jibu, lijibiwe leo jioni, kabla hajarudi kazini kesho asubuhi.