Minyoo, Umubirizi na Kidonge: Kijitabu cha Kaya za Sonatubes

Kwa wazazi na walezi wa Sonatubes na mitaa jirani ya Kicukiro

Mtoto akilalamika tumbo, akakosa hamu ya kula na kukonda, nyumba nyingi za huku kwetu hukimbilia kwanza ua wa nyuma. Majani ya umubirizi hukatwa, hutwangwa, hukamuliwa maji ya kijani, na mtoto hushikwa pua ili anywe. Kijitabu hiki hakikuandikwa kuwadharau wazee. Ujuzi wao una msingi, na sayansi imeuthibitisha kwa sehemu. Lakini kwa minyoo ya mtoto, kidonge kiwe cha kwanza.

Sokwe aliyetupa majani

Novemba 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za miti, walimfuatilia sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mnyonge, akilala mchana. Akavuta kitawi cha mti huuhuu tunaouita umubirizi. Akamenya ganda, akatupa majani, akatafuna kiini cha ndani, akafyonza maji na kutema makapi. Kesho yake nguvu zilikuwa zimemrudia. Kalunde alieleza kuwa Watongwe nao huutumia mti huo kutibu tumbo na minyoo. Baadaye choo cha sokwe mwingine aliyetafuna kiini hicho kilipimwa: katika saa 20, mayai ya minyoo yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa kila gramu.

Tazameni alichokitupa Chausiku. Majani na ganda vina kwa wingi kemikali kali iitwayo vernodalini, na wanasayansi waliikuta ina sumu walipoijaribu kwa panya. Sisi majani hayo ndiyo tunayoyatwanga na kumpa mtoto wa miaka miwili.

Shida iko kwenye kikombe

Ukali wa jani hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa mti. Konzi moja leo si sawa na konzi moja mwezi ujao, na jikoni hakuna chombo cha kuipima. Mtu mzima akizidisha atatapika na kuharisha, kisha apone. Mtoto mwenye kilo 10 akiharisha hivyo hupungukiwa maji upesi sana. Na anayenyweshwa kwa kushikwa pua huku akilia anaweza kuvuta dawa hadi kwenye mapafu. Tafadhali, acheni kabisa kuwashika watoto pua. Mjamzito asinywe umubirizi kama dawa, wala mtoto asipigwe bomba la majani.

Mbegu za papai zina matumaini. Nchini Nigeria, utafiti uliochapishwa 2007 uliwapa watoto 30 mbegu zilizokaushwa zikachanganywa na asali. 23 kati yao walikutwa hawana tena vimelea, ilhali kati ya 30 waliopewa asali tupu walipona 5. Ni habari njema, ila watoto 60 ni wachache, na dozi yao iliandaliwa kwa vipimo. Umugeti, mti wa milima ya volkano ambao maua yake yametumika karne nyingi Ethiopia kufukuza tegu, msiuguse: ukizidi huharibu macho.

Kidonge

Kidonge cha albendazole cha miligramu 400 humezwa mara moja tu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu, miligramu 200. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kisageni na kukichanganya na maji kidogo ili kisimpalie. Mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito asubiri. Kidonge hiki huiondoa vizuri minyoo mikubwa ya duara. Minyoo ya mjeledi hukaidi dozi moja, kwa hiyo dalili zikibaki rudini kituoni. Wakati wa ugawaji dawa, mshauri wa afya wa mudugudu akipita, mpelekeeni watoto wote, hata asiyelalamika. Kazi hii imezaa matunda: mwaka 2008 vipimo vilionyesha minyoo kwa asilimia 65.8 ya watoto wa shule nchini Rwanda, na mwaka 2014 asilimia 45.2. Hata hivyo, hao walikuwa bado karibu nusu ya watoto.

Minyoo huingilia wapi

Hakuna jani wala kidonge kinachoua mayai yaliyo ardhini. Mnyoo jike wa duara hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Yakianguka kwenye udongo wenye unyevu, huiva kwa wiki mbili au tatu, kisha hungoja mkono wa mtoto, ukucha wake, au mboga isiyooshwa. Kwa hiyo kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni, kwa kuwa nacho hubeba mayai. Kateni kucha. Msiweke kinyesi kibichi cha binadamu kwenye bustani ya dodo. Safura huingia kupitia ngozi ya nyayo, hivyo viatu ni kinga. Na wapenzi wa akabenzi: nyama ya nguruwe iive hadi ndani, kusiwe na sehemu mbichi.

Msikae nyumbani

Tumbo limevimba na kukaza, mtoto anatapika na hapati choo, mnyoo unatoka mdomoni au puani, choo kina damu, viganja vimepauka, mtoto ana degedege. Mkiona lolote kati ya haya, nendeni kituo cha afya mara moja na kadi ya mituweli, mchana au usiku.

Mkiambiwa mlete choo, chukueni cha asubuhi hiyohiyo katika kikopo safi na kikavu, kisichochanganyika na mkojo, mkiwahishe, kwani mayai ya safura huharibika upesi. Na mwambieni muuguzi, bila kuona haya, ni majani gani mtoto amekunywa, lini na kiasi gani.