Gari la Familia kwa Njia za Ijara: Tazama Nini Kabla ya Kulipa

Mtu wa Masalani, huku Ijara katika kaunti ya Garissa, anayetafuta gari la familia hulikuta soko limekwisha kuamuliwa na watu wa mbali. Magari mengi ya kubeba watoto na mizigo yanayouzwa Kenya yameshukia Mombasa yakiwa yametumika Japani. Aina fulani imejaa yadini na nyingine haionekani kwa sababu miaka kadhaa iliyopita familia za Osaka na Nagoya zilipenda hii zikaiacha ile. Wenzetu hao walikuwa na lami hadi mlangoni na gereji kila mtaa. Sisi tuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa magurudumu mvua ikinyesha, mchanga wakati wa kiangazi, na joto linaloweza kupita nyuzi 35. Anayenunua kwa kufuata sifa za tangazo ananunua gari la Osaka. Sifa zile zile, yaani mauzo, umbo na ubora wa ndani, zinafaa zipimwe upya kwa mizani ya huku.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayochuja kwanza. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kinataka gari lililotumika lisizidi miaka 8, liwe na usukani wa kulia, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kuanzia Januari 2026 maana yake ni gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Mstari huo mmoja umebadili mashindano kuliko tangazo lolote. Toyota Wish, ambayo familia nyingi ziliipenda kwa viti vyake 7, iliacha kutengenezwa 2017, kwa hiyo Wish unayoiona Garissa leo imekwisha kutembea Kenya muda mrefu na swali la kwanza ni nani aliyeitumia hapa, si nani aliyeitumia kule. Premio nayo ilikoma 2021, hivyo za mwisho zitakubaliwa hadi 2028. Kinyume chake, RAV4 haikuuzwa mpya Japani kati ya 2016 na 2019, na Harrier ndiyo iliyoshika nafasi yake katika yadi zetu. RAV4 iliporudi Aprili 2019 ilipata tuzo ya Gari la Mwaka nchini humo, na sasa ndiyo hizo zinazoanza kutufikia.

Ushuru pia una mkono wake. Mamlaka ya Mapato, KRA, haitozi kwa bei uliyonunulia. Inatumia orodha yake ya bei na kupunguza kulingana na umri wa gari. Juu ya ushuru wa forodha kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, na asilimia 25 kwa injini nyingi zinazozidi hapo. Ndiyo sababu barabara zimejaa Fielder, Axio, Probox, Sienta na Honda Freed za cc 1500. Muuzaji akikuambia gari hili linanunuliwa kuliko yote, elewa kwamba sehemu ya umaarufu huo imetoka kwenye jedwali la kodi.

Hata hivyo, usiyapuuze mauzo. Kwetu huku wingi wa gari ni sifa halisi, kwa kuwa spea hufuata wingi. Bushi ikikatika Masalani, fundi atapiga simu Garissa mjini; ikikosekana huko, itatafutwa Nairobi kwenye maduka ya Kirinyaga Road na kutumwa kwa basi. Spea ya Noah au Probox inaweza kupatikana Garissa kwenyewe. Ya gari adimu husubiriwa, na gari hulala. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikatika upande wa Madogo, na mzigo wowote uliokuwa ukingojewa ulingojewa zaidi. Baba zetu waliijua kanuni hii. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, na ushindi huo uliipa jina. Lakini kilichoifanya idumu vijijini ni kwamba kila gereji ilikuwa na mtu aliyewahi kuifungua injini yake.

Kwa hiyo, kabla hujatazama rangi, nenda kwa fundi wako wa kila siku umuulize ni magari gani ameyafungua giaboksi yakapona. Majibu yake yana uzito kuliko tathmini ya mtu aliyeliendesha gari siku moja kwenye lami.

Umbo sasa. Watengenezaji hushindana kwa uso wa gari, na mfano mzuri ni Noah ya 2014 hadi 2021. Gari hilo hilo liliuzwa kwa majina matatu: Noah kwa mtu wa kawaida, Voxy kwa kijana anayetaka taa kali na grili pana, na Esquire kwa anayetaka nikeli nyingi na viti vya ngozi bandia. Injini ni zile zile na bodi ni moja. Ukikuta bei zimetofautiana, jiulize unalipia nini, maana uso hauvuki tope. Tena matoleo ya kupendezesha huja na bampa lililoshushwa chini, na bampa hilo ndilo la kwanza kung'oka kwenye korongo.

Kipimo cha umbo kwa Ijara ni nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Sienta iliyoanza 2015 ina takriban milimita 145. Noah niliyoitaja ina karibu 160. Harrier ya kabla ya 2020 ina 190, X-Trail iliyoanza 2013 ina 205, Mazda CX-5 ina 210 na Subaru Forester 220. Tarakimu hizo ni za gari tupu. Pakia watu saba, magunia na madumu ya maji, halafu pima tena, utaona gari limeshuka. Ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo yadini kweli: waketi watu wazima viti vyote, mtu mmoja apige magoti na futi ya fundi kuangalia sehemu ya chini kabisa. Muuzaji akichukia, tafuta mwingine.

Wapo wanaoinua gari kwa spesa. Kuinua kidogo kunasaidia. Kuinua sana kunapinda pembe ya shafti za magurudumu na kuzila jointi zake. Jambo la maana zaidi, na la bei nafuu, ni kufunga bamba la chuma chini ya injini ili jiwe lisitoboe sampu. Kuhusu magurudumu manne kuvuta, fahamu kwamba kwenye magari haya ya familia mfumo huo umewekwa kwa ajili ya theluji na lami yenye utelezi. Unasaidia kwenye mchanga mwepesi. Haukupi ruhusa ya kuingia tope la Hulugho au Sangailu wakati wa masika, na hakuna gari hata moja kati ya niliyoyataja linaloweza kufanya kazi ya Land Cruiser huko. Barabara ya LAPSSET kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa imekuwa ikijengwa, na kila kipande kinachopata lami kinayapa nguvu magari ya chini. Nje ya lami hiyo, mvua ndiyo yenye neno la mwisho. Upande wa msitu wa Boni, ambako kwa miaka mingi kumekuwa na tishio la vilipuzi vya kutegwa barabarani, kukwama jioni ukiwa na watoto ni hatari ya maisha, na gari lisiloaminika halifai kupelekwa kabisa.

Ndani ya gari ndiko ninakotaka mnunuzi akae muda mrefu, kwa sababu ndiko familia itakakokaa. Magari yanayopita mnadani Japani huja na karatasi ya mnada yenye alama. Kwa kawaida namba hueleza hali ya jumla, na herufi A, B, C au D hueleza hali ya ndani. R huonyesha gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Idai karatasi hiyo. Herufi C kwa ndani si balaa, mara nyingi ni madoa na harufu ya sigara. Lakini R bila maelezo ya kilichotengenezwa ni sababu ya kuondoka.

Anza na kiyoyozi, ambacho Garissa ni sehemu ya afya ya mtoto. Kijaribu saa sita mchana, gari limesimama juani na injini ikinguruma pale pale, kwa muda wa kutosha, na mtu akiwa kiti cha nyuma kabisa. Noah nyingi zina matundu ya baridi ya nyuma. Magari madogo ya viti 7 mara nyingi hayana, na mtoto aliyeketi safu ya tatu huachiwa upepo ambao baridi yake imekwisha kwa wazazi wake. Kisha vumbi. Kagua raba za milango na za buti kwa vidole, utafute zilizokauka au kupasuka. Endesha barabara ya vumbi nyuma ya gari jingine, vioo vikiwa vimefungwa, halafu fungua buti uone kilichoingia.

Kuhusu viti, ngozi hupendeza kwenye picha na hung'aa kwenye Harrier na CX-5, magari mawili ambayo kwa ufundi wa ndani yanayapita mengi ya kundi lao. Jua la huku linaiunguza ngozi, linaipasua, na linamchoma anayeikalia. Mimi ningechagua kitambaa cha rangi ya wastani chenye mfuniko unaovuliwa na kufuliwa, hasa kwa familia inayobeba maziwa kwenda sokoni. Maziwa yakimwagika yakaingia kwenye sponji, hakuna manukato yatakayoiondoa harufu hiyo. Safu ya tatu nayo ipimwe kwa mzigo: Sienta ikijaa watu saba, nyuma hubaki nafasi finyu mno. Chukua dumu la lita 20 ulijaribishe.

Gari la haibridi lina jambo la ndani ambalo wauzaji hawalitaji. Betri kubwa hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka chumba cha abiria, na kwenye Toyota nyingi tundu lake liko kando au chini ya kiti cha nyuma. Vumbi la Ijara huliziba, na begi la mtoto huliziba pia. Betri ikikosa hewa katika joto letu hufa mapema. Chujio la tundu hilo lisafishwe mara kwa mara na lisifunikwe kamwe. Dizeli ya CX-5 nayo ina chujio la masizi linalojisafisha gari likitembea mwendo mrefu, hivyo gari hilo halifai kwa mtu ambaye safari zake ni za sokoni na msikitini tu.

Redio ni jambo dogo, lakini huudhi. Nyingi zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani yanayoanzia 76, na vituo vingi vya Kenya vimekaa juu kuliko zinavyofika. Baadhi hujifunga betri ikitolewa na kudai kadi au namba ya siri. Zungumza na muuzaji abadilishe kabla hujalipa.

Tairi huuma zaidi. Magari mengi mapya ya Japani hayana tairi la spea, yana chupa ya dawa ya kuziba tundu. Dawa hiyo haizibi mpasuko wa jiwe, na mwiba wa mgunga mmoja hufuatwa na mwingine. Fungua buti uhakikishe kuna tairi, jeki na spana. Uliza pia saizi: 195/65R15 ya Noah ya kawaida hupatikana kwa urahisi, ilhali 225/55R19 ya CX-5 ya bei ya juu ni ya kuagizwa, na ubavu wake mfupi hauvumilii mashimo.

Kwa upande wa karatasi, cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani huonyesha kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo kilinganishe na dashibodi. Gari lililokwisha kusajiliwa Kenya litafutwe kwenye rekodi za Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kupitia tovuti ya eCitizen kabla ya shilingi yoyote kutoka, ili ujue mwenye logbuku ni nani na kama kuna benki inayolidai.

Asiyetaka riba ana njia. Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa ni Premier Bank, zilianza Kenya 2008 kwa misingi ya sharia. Katika murabaha benki hulinunua gari kwanza, kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida, nawe hulipa kwa awamu. Bei hiyo haipandi katikati. Uliza mapema ukilipa kabla ya muda utapunguziwa kiasi gani, na ukichelewa adhabu inakwenda wapi.

Kwa familia kubwa ya Masalani ambayo safari zake nyingi ni za Garissa, ningechukua Noah ya kawaida yenye viti vya kitambaa na magurudumu ya inchi 15, na pesa ya ziada ya Voxy ningenunulia bamba la chuma na tairi la spea. Familia ya watu watano inayopita njia za ndani itafaidi X-Trail au Forester. Walio wengi zaidi na wanaoishi Hulugho, afadhali Land Cruiser Prado kuukuu iliyochoka ndani.

Lolote utakalochagua, bima ya gari la binafsi haimlindi abiria wa nauli. Ukikusudia kurudisha pesa ya mafuta kwa kupakia watu Garissa hadi Masalani, sema hivyo kwa kampuni ya bima au ya takafuli kabla ya kutia sahihi, ukate bima ya biashara na ufuate leseni zake.