SOMO: JE, KUPANDIKIZA VIFARANGA HUREJESHA SAMAKI WA ASILI?

Mkazi wa Dar es Salaam anunuaye sato Kariakoo huenda asijue kuwa samaki huyo hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Historia yake ni funzo kwa mtumishi anayeidhinisha fedha za umma za kupandikiza vifaranga, na kwa mwananchi anayengojea matokeo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, samaki aliyetegemewa sana katika ziwa hilo alikuwa ngege. Uvuvi wa nyavu ulipozidi, ngege walipungua. Katika miaka ya 1950 sato na jamaa zake walipandikizwa ili kuziba pengo hilo, na katika miaka ya 1950 na 1960 akaingizwa sangara. Sato alistawi. Ngege alikaribia kutoweka katika ziwa kuu, akabakia katika maziwa madogo na mabwawa. Hivyo basi, upandikizaji ule uliongeza samaki sokoni, lakini haukumrudisha aliyepotea.

Kwa mintarafu hiyo, hapana budi kutenganisha mambo mawili: kuongeza mavuno, na kurejesha samaki wa asili. Idadi ya vifaranga vilivyomwagwa majini haithibitishi hata moja kati ya hayo. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kazi hii lina kurasa nne:

(a) Hesabu ya awali. Samaki wahesabiwe kwa nyavu zile zile na msimu ule ule, kwa miaka kadhaa kabla na baada ya kupandikiza.

(b) Maji ya kulinganishia. Pawepo bwawa au mto unaofanana, usiopandikizwa kitu. Mvua njema peke yake yaweza kuongeza samaki.

(c) Alama. Vifaranga vitiwe alama, kwa mfano kwa kukata ncha ya pezi, ili ijulikane ni wangapi kati ya wavuliwao walitoka kituoni.

(d) Kizazi cha pili. Ichunguzwe kama samaki hao wanazaana wenyewe, na kama wingi wao unadumu baada ya upandikizaji kusimama.

Pale ambapo vipimo vya namna hii vilifanyika, majibu yamekuwa ya kutahadharisha. Utafiti wa Mto Hood, nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kuwa uwezo wa trauti kuzaa mtoni ulipungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Nchini Ujerumani, jaribio la miaka sita katika maziwa 20 yaliyotokana na machimbo ya kokoto, lililochapishwa mwaka 2023, lilibainisha kuwa kupandikiza hakukuongeza samaki. Kutengeneza sehemu za maji ya kina kifupi, wanakozalia na kujificha, ndiko kulikoongeza.

Hapa Tanzania ipo hatari nyingine. Sato amesambazwa katika mabonde mengi ya mito, na watafiti wamekuta akizaana na perege wa asili. Machotara wakishaenea, mbegu ya asili haiwezi kutenganishwa tena.

Maelezo haya hayavunji heshima ya vituo vya vifaranga. Kituo cha Kingolwira, Morogoro, na vingine vya namna hiyo vina kazi kubwa ya kuwapatia wafugaji mbegu za mabwawani. Aidha, kituo chaweza kuokoa aina inayokaribia kwisha, mradi wazazi watoke katika maji yale yale na sababu ya kupungua iwe imeondolewa kwanza. Palipo na nyavu haramu, maji machafu au mazalio yaliyoharibiwa, kifaranga humwagwa katika balaa lile lile lililommaliza mzazi wake.

Kwa hiyo, swali la kwanza juu ya kila ombi la kupandikiza lisiwe “vifaranga wangapi?”, bali “samaki wa asili walipungua kwa sababu gani, na je, sababu hiyo imekwisha?”