Kilomita Moja ya Pikapu Yako Inakula Shilingi Ngapi?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikingoja bonasi ya chai ya Oktoba ndipo nibadilishe matairi ya pikapu. Niliona ni jambo la kawaida, hadi jioni moja nilipokaa na daftari nikajumlisha. Shamba la chai lilikuwa likilisha gari, nami nilikuwa nikijiita mfanyabiashara wa usafiri. Naandika haya kwa sababu najua wenzangu wengi wa Kericho na Bomet wako pale pale.

Kosa letu huanzia kwenye hesabu ya kichwani: mafuta ya elfu moja, mteja analipa elfu moja na mia tano, nimepata mia tano. Hapo tumehesabu mafuta peke yake.

Hata hivyo anza na mafuta, kwani ndiyo mepesi kupima. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, kisha andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Fanya kazi zako wiki nzima, rudi kwenye pampu ile ile, ujaze tena hadi ikatike. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Pima mara mbili: wiki ya lami, tuseme Kericho hadi Kaplong, na wiki ya kuingia ndani kule Mogogosiek na Kapset, mvua ikinyesha na gari likipanda kwa gia ya pili huku magurudumu yakiteleza kwenye udongo mwekundu. Namba hizi mbili hazitafanana. Kwa kuwa huku kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, pangia bei kwa ile namba mbaya. Na kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya nishati EPRA ikitangaza bei mpya ya mafuta, fungua daftari urekebishe.

Sasa njoo kwenye gharama zisizodai pesa leo. Inama kando ya gurudumu la nyuma, upitishe kiganja kwenye meno ya tairi, upande wa ndani. Ukihisi yamelika kwa mteremko, huku laini, kule makali, mara nyingi hiyo ni dalili ya magurudumu kutokaa sawa, na mizigo mizito huchangia. Mifuko 20 ya mbolea ya NPK, kilo 50 kila mmoja, ni tani kamili. Watu hupakia 26 kisha wakashangaa springi ikikatika. Safari zote zilizopita zilikuwa zikila tairi polepole pale chini ya kiganja chako, na hakuna mteja aliyezilipia.

Tuchukue mfano, namba zikiwa za kuelezea tu, weka zako. Pikapu ya dizeli imenunuliwa kwa 1,800,000, nayo baada ya miaka 5 itauzika kwa 900,000. Kila mwaka imepoteza thamani ya 180,000. Ikitembea kilomita 30,000 kwa mwaka, huo ni uchakavu wa shilingi 6 kwa kilomita. Matairi manne ya jumla ya 64,000, yakidumu kilomita 32,000, ni shilingi 2. Sevisi ya 10,000 kila kilomita 5,000, shilingi 2. Bima, ukaguzi wa NTSA na kodi ya gari la biashara, 90,000 kwa mwaka, shilingi 3. Springi, bushi, breki na klachi, 120,000 kwa mwaka, shilingi 4. Riba ya mkopo wa Sacco, 60,000 kwa mwaka, shilingi 2. Dereva wa 20,000 kwa mwezi, shilingi 8; na ukiendesha mwenyewe jilipe, kwa sababu siku hiyo hukuchuma chai. Mafuta ya shilingi 170 kwa lita, gari likienda kilomita 10 kwa lita, ni shilingi 17.

Jumla ni shilingi 44. Mafuta hayajafika hata nusu.

Mteja aliye kilomita 25 kutoka kwako anatoa 1,500. Kwenda na kurudi ni kilomita 50, yaani mafuta ya 850, na kichwani umepata 650. Kwenye daftari safari hiyo imegharimu 2,200. Umemlipa mteja 700 ili akuruhusu umbebee mzigo.

Na hapa ndipo nchi ya chai inapotuumiza zaidi. Majani mabichi hayangoji. Yakirundikwa hupata joto na kuharibika, kwa hiyo unakimbia kiwandani siku hiyo hiyo na kurudi mtupu. Ikiwa nusu ya kilomita zako ni za gari tupu, kila kilomita yenye mzigo lazima ibebe shilingi 88. Tafuta mzigo wa kurudi, iwe mbolea, simiti au unga, hata kwa bei nafuu, kabla hujafikiria kumpandishia bei aliyekuita.

Si sisi tu tunaopaswa kuhesabu hivi. Viwango vya gharama kwa kilomita vya AA ya Kenya, chama cha wenye magari, ambavyo waajiri wengi hutumia kuwafidia wanaotumia magari yao kazini, hupangwa kwa ukubwa wa injini. Marekani nayo mwaka 2025 iliruhusu senti 70 za dola kwa kila maili ya kibiashara, ikihesabu uchakavu, bima na matengenezo pamoja na mafuta. Vinafaa kwa kulinganisha, ila havikupimwa kwenye tope la Mogogosiek.

Ukishapata namba yako, toa mafuta na mshahara. Katika mfano wetu zinabaki shilingi 19. Kila jioni zidisha kwa kilomita za siku hiyo, pesa hizo uzitume kwenye akaunti ya Sacco ya gari peke yake kabla hujafika nyumbani. Anza leo: kabla hujazima injini, andika namba iliyo kwenye dashibodi.