Jina la Asya Si Jina la Maasi

Tumeulizwa na mzazi mmoja swali ambalo twalisikia mara kwa mara katika darasa zetu. Asema binti yake aitwa Asya, na ameambiwa na mtu anayejinasibu na elimu kuwa jina hilo halifai, kwa kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alilikataa na akalibadilisha. Tangu siku hiyo mama wa mtoto hana raha, na nyanya yake, ambaye ndiye aliyelichagua kwa kumkumbuka marehemu mamake, amenuna. Jee, libadilishwe?

Jawabu yetu ni kuwa lisibadilishwe. Walakini haitoshi kusema hivyo tukanyamaza, kwani yule aliyekataza hakuzua hadithi. Hadithi ipo, nayo ni sahihi: Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Umar kuwa binti wa Sayyidna Umar alikuwa na jina hilo kwa namna linavyosikika masikioni mwetu, na Mtume akamwita Jamila. Kosa ni kudhani kuwa majina mawili ni moja.

Jina lililobadilishwa huandikwa kwa aini na swadi. Maana yake ni mwanamke aliyeasi, na Mswahili hahitaji kamusi kulifahamu, kwani maneno yetu asi, uasi na maasi yametoka katika asili hiyo hiyo. Jina la Bibi Asya, mke wa Firauni, huandikwa kwa alifu yenye madda na kwa sini. Mwarabu akiyatamka yote mawili mbele yako utasikia tofauti: moja latoka kooni na lina uzito, la pili ni jepesi. Ulimi wetu huifanya aini kuwa a tupu, na swadi kuwa sini. Zamani, tulipokuwa tukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, jicho lilikuwa likilisaidia sikio. Tuliposhika herufi za Kirumi msaada huo nao ukaondoka. Leo kwenye kitambulisho huandikwa Asia, kama jina la bara la Wachina na Wahindi!

Neno hili la sini, katika lugha ya Kiarabu, lina maana ya mwanamke anayetibu, na pia nguzo inayobeba jengo. Bibi Asya mwenyewe aliishi Misri wala hakuwa Mwarabu, kwa hivyo hatusemi kuwa wazee wake walikusudia maana hizo. Twasema tu kuwa ndani yake hamna ubaya.

Na lau mwenye shaka angalimtazama mwenye jina, shaka ingalimwondoka. Kurani haikumtaja kwa jina, kwani katika wanawake wote ni Bibi Maryamu peke yake aliyetajwa hivyo. Lakini yatueleza katika Suratul Qasas, aya ya 9, kuwa yeye ndiye aliyemwombea Musa mchanga asiuawe. Katika Suratut Tahrim, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amemfanya mfano kwa wote walioamini, wanaume kwa wanawake: alimwomba Mola wake nyumba Peponi, na amwokoe na Firauni na vitendo vyake. Jina lake tumelipata katika hadithi ya Abu Musa, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume amemtaja pamoja na Bibi Maryamu miongoni mwa wanawake waliokamilika. Basi jina alilolitaja Mtume kwa sifa kama hiyo, litakuwaje ndilo alilolichukia? Ikiwa Bibi huyu alimuasi mtu, alimuasi Firauni aliyedai uungu.

Mtume alikuwa akitazama maana. Jina la Barra, yaani mwema, alilibadilisha pia, kwa kuwa lilikuwa kama mtu kujitakasa mwenyewe. Bibi Zaynab binti Abu Salama na Bibi Juwayriya wote waliitwa hivyo kwanza. Majina ya Khadija na Fatuma yalikuwako kabla ya Uislamu, naye aliyaacha.

Twaona ajabu kuwa wako wanaomkimbia Asya, kisha wakamwita mtoto jina walilolisikia kwenye tamthilia ya televisheni pasi na kuuliza lina maana gani. Na wako wanaobadilisha kwa sababu nyengine kabisa: mtoto akishikwa na homa huambiwa jina ni zito, halimchukui, hupelekwa kwa mpiga ramli ahesabu herufi zake na za mamake atafute nyota. Huo ni ushirikina, na Mtume ametuonya kuwa anayemwendea mtabiri akamuuliza, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Mwenye homa apelekwe hospitali, na jina lake abaki nalo.

Basi mzazi wetu na amtulize mkewe, na amwombe radhi mama mkubwa. Ikiwa katika daftari la chuoni mwalimu amemwandika binti huyo kwa aini na swadi, amtake aandike kwa alifu ya madda na sini. Cheti cha kuzaliwa hakina haja ya kuguswa.